Mpaka Nyuma ya Kiti cha Kukhu

Nilisogeza mpaka. Afadhali nianze na hilo, maana nikianza na harufu ya mahindi na utamu wa kuku mtadhani mnasoma habari za mtoto mzuri, halafu mfike katikati mnikasirikie. Nilisogeza mpaka wa uwanja wa kriketi, mchana kweupe, kwa mguu wangu wa kulia, huku nikitafuna muwa, na moyo wangu haukunisuta hata kidogo. Na huku kwetu, kuanzia mji wa Kwanza hadi mji wa Kimilili, mtu anaweza kukusamehe ukimlia kuku wake, anaweza hata kukusamehe ukisinzia akitoa ushuhuda kanisani, lakini hebu sogeza mpaka wa shamba lake hata kwa upana wa jembe uone. Wajukuu wenu watarithi kesi. Nilikuwa gredi ya sita wakati huo na nilijua hayo yote. Nilidhani tu kwamba mpaka wa shamba ni mpaka, na mpaka wa mchezo ni mchezo.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Mtu akitaka kujua Kitale ya mwezi wa Novemba inanukaje, asimame kando ya barabara yoyote inayotoka mjini na kufumba macho. Mahindi yameanikwa kwenye maturubai hadi kwenye ngazi za maduka, vumbi la makapi linamwingia mtu puani likimtekenya kama ugoro, na nyuma yake inakuja harufu ya dizeli ya matrekta yanayopanga foleni kwenye mashine za kupukuchua. Baba yangu ni fundi wa matrekta, kwa hiyo nyumbani kwetu harufu hizo mbili zilikuwa zikilala kitanda kimoja. Matrekta hayo ndiyo yaliyomtia kwenye kriketi. Bwana Hasmukh, mwenye duka la vipuri ambako baba hununua kila kitu, alikuwa na timu yake ya Jumamosi: mwalimu wa hesabu, daktari wa mifugo, mwenye mashine ya kusaga, wauza mbegu, yeyote aliyekuwa na suruali nyeupe na mchana mtupu. Siku moja mchezaji mmoja akaugua. Bwana Hasmukh akaitazama mikono ya baba, akamuuliza kama mikono inayodaka boliti ikianguka gizani chini ya trekta itashindwa kudaka mpira kwenye jua. Haikushindwa. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni hivi: mtu mmoja anarusha mpira mgumu kama fundo la mti, mwingine anaupiga kwa gongo bapa na kukimbia huku na huku na mwenzake kati ya vijiti akihesabiwa mikimbio, na wengine wote waliovaa nyeupe wamesimama mbalimbali kama madaktari wanaongojea ajali. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja, wapigaji hawana haja ya kukimbia, wanaandikiwa nne bure. Mengine yote unaweza kusahau. Hata baba alikuwa akiyasahau.

Sasa, mama yangu ni mtu wa Bungoma, na baba alikuwa hajakanyaga kwao tangu mazishi ya babu. Si kwamba alikataa kwenda mazishini. Alitoka Kitale alfajiri na pikapu ya kuazima, mvua ikanyesha, pikapu ikazama kwenye matope kabla ya Kamukuywa, na alipoingia boma la wakwe zake, suruali imeganda tope, wanaume walikuwa wanatupia kaburi udongo wa mwisho. Kwetu, mkwe kukosa mazishi ya baba mkwe wake si jambo la kusema pole na kupita. Mjomba Barasa, kaka mkubwa wa mama, alikuwa na uchungu wa mfiwa, na uchungu hauna breki. Alisema mbele ya waombolezaji wote kwamba huyu mkwe alikuwa amefuata chakula. Baba aligeuka akarudi kwa miguu mpaka ilipokuwa pikapu, bila kunywa hata maji. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mjomba ndiye aliyejikwaa ulimi, na aliyechechemea ni mama. Akawa anaenda kwao peke yake, amebeba kikapu peke yake, anaketi na wanawake wanaomuuliza bwana hajambo kwa sauti ile ya kujua jibu. Desemba ile ukoo mzima ulikuwa ukutane kulijengea kaburi la babu kwa saruji na kuliombea. Mabinti wote wangefika na waume zao. Mama alikuwa ameanza kusema, bila kuulizwa, kwamba Desemba huwa anaumwa mgongo.

Basi Mungu naye ana utani wake. Mjomba Barasa ni mwalimu, na alikuwa amewafundisha walimu wenzake kriketi hadi wakawa timu. Bwana Hasmukh, ambaye hakujua lolote kuhusu mambo yetu ya matope, akapiga simu akapanga mechi ya kirafiki, Kitale waende Bungoma. Baba aliposikia jina la nahodha wa Bungoma alisema Jumamosi hiyo atakuwa na homa. Alisema hivyo siku ya Jumanne. Mama alikuwa anageuza mahindi uani kwa mguu, akiyachora mistari kama anavyofanya, na hakuinua hata kichwa. "Mpira hauna shemeji," alisema. "Nenda ucheze." Yeye mwenyewe asingeweza kwenda, mahindi yalikuwa nje na wingu lilikuwa likikaa juu ya Mlima Elgon kila alasiri likitafuta wa kumharibia. Na hata angeenda, angemshangilia nani? Akanituma mimi. Alinifunga vifungo vya shati hadi kooni, akanishika sikio, polepole, si kwa kulivuta, akaniambia, "Simiyu, huko unakoenda ni kwetu. Ukiwapa watu sababu ya kumcheka baba yako, umenimaliza." Nilimwahidi. Niliahidi kama mwanasiasa, nikimtazama usoni.

Tulienda na lori la mwenye mashine ya kusaga, tumeketi juu ya magunia matupu, na punje zilizobaki zikatuingia kwenye viatu njia nzima. Ukishapita Chwele unajua umetoka kwa watu wa mahindi umeingia kwa watu wa miwa, kwa maana hewa yenyewe inakuwa tamu. Mahali fulani nyuma ya mashamba mtu anachemsha sukari guru, na harufu yake inakufuata kama mdai mpole. Uwanja ulikuwa wa shule moja nje kidogo ya mji wa Bungoma. Pande tatu miwa, upande wa nne madarasa. Katikati walikuwa wametandika mkeka mrefu wa kuchezea, na mpaka waliuweka kwa magunzi ya mahindi waliyoyachovya kwenye chokaa, yakapangwa kwenye nyasi kwa duara kubwa. Na nje kidogo ya magunzi hayo, upande wa miwa, kwenye kiti cha plastiki cha buluu, chini ya mwavuli uliopinda ubavu mmoja, alikuwa ameketi nyanya yangu mzaa mama. Sisi humwita kukhu. Alikuwa amesikia mjukuu wake anakuja, akaja na mguu wake mbovu, na akishaketi haondoki hapo mpaka ainuliwe.

Lazima nieleze jambo hapa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Si ugomvi, ni heshima iliyozidi hadi ikageuka umbali. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawali chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Mjukuu na nyanya ni kinyume kabisa, sisi ni watani. Mimi naweza kumwambia kukhu kwamba nitamwoa akiota meno mapya, naye ananijibu kwamba hawezi kuolewa na mwanamume anayekojoa kitandani, na watu wakasikia na ikawa sawa. Kwa hiyo tulipofika baba alisimama mbali, akageuza uso kando kama mtu anayekagua miwa ya jirani, akaniambia niende nimwambie nyanya anamsalimu. Nikaenda. Kukhu alikuwa amesikia kila neno, lakini alingoja nimfikishie, kisha akaniambia nimwambie mkwe wake kwamba salamu imefika na anashukuru, na baba naye, aliyekuwa ameyasikia hayo vizuri, akangoja nirudi. Nilikimbia huku na huku hadi nikachoka. Ilifika mahali nikafikiri niwatoze nauli.

Mjomba Barasa na baba hawakuwa na mtu wa kuwabebea salamu. Walipishana siku nzima kama magari mawili kwenye daraja jembamba, kila mmoja akitazama ukingo wake. Kitale walipiga kwanza. Baba hakudumu, mjomba mwenyewe ndiye aliyerusha mpira uliovunja vijiti vyake, na mpigaji akivunjiwa vijiti hutoka, na vijana wa Bungoma waliokuwa wameketi kwenye ukuta wa madarasa wakacheka wakasema kwa sauti kwamba fundi wa trekta amekufa injini. Baba alitoka uwanjani ameshika gongo kwapani. Mimi ndiye niliyeona masikio yake. Masikio ya baba huwa mekundu kwa ndani akiumia, na kwa rangi yetu inahitaji kuumia sana. Mikimbio yetu ilikuwa kiasi tu. Wakapumzika, wakanywa chai kwa mandazi, na hapo ndipo akili yangu, ambayo kwenye mitihani hulala, iliamka.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mama anataka baba asichekwe, mtu anayeshinda hachekwi, basi baba lazima ashinde. Na Bungoma wangeshinda kwa njia gani? Kwa zile nne za bure. Mpaka ukienda mbali, nne zinakwisha. Ilikuwa hesabu safi kabisa, shida ilikuwa mwanafunzi. Nilichukua muwa wangu nikaanza kuuzunguka uwanja taratibu, kama mtoto mwenye mawazo, na kila nilipofika kwenye gunzi nililisukuma kwa mguu kuelekea nje. Upande wa madarasa ulikuwa na watu wengi, nikauacha. Upande wa miwa haukuwa na mtu ila kukhu, na kukhu alikuwa amejifunika leso usoni, anasinzia, mdomo umeachama kidogo. Nilipita nyuma ya kiti chake kwa ncha za vidole. Hapo niliweka magunzi yangu, nyuma ya kiti. Nilimwacha nyanya yangu mzaa mama ndani ya uwanja wa kriketi, amelala, na nikaona ni jambo la kuchekesha. Nilikusudia kumwambia mama.

Bungoma walipiga vizuri. Mipira miwili mitatu iliyokwenda upande wa miwa ilikwama kwenye nyasi kabla ya kufika kwenye magunzi, wakakimbia mmoja mmoja badala ya kupewa nne, na mimi nilitafuna muwa nikijiona mhandisi. Baba alikuwa amejiweka upande wa madarasa, mbali na kukhu kadiri uwanja ulivyoruhusu. Lakini mechi ilipobana, ukabaki mpira wa mwisho kurushwa na Bungoma wakihitaji mikimbio mitatu, na mpigaji ni mjomba Barasa mwenyewe, Bwana Hasmukh akaona anayeweza kuokoa ni baba peke yake. Mjomba alikuwa anapenda kupigia upande wa miwa. Basi akamwita baba ahamie upande wa miwa. Niliwaona wakinong'ona. Baadaye baba alitueleza kwamba alijaribu kukataa, akasema pale ameketi mama, na Bwana Hasmukh akamjibu, "Mama yuko nje ya mpaka, wewe uko ndani ya mpaka. Sasa shida iko wapi, bana?" Baba akatazama kwa jicho la pembeni, akaona mwavuli, akaamini mpaka. Kila mtu huamini mpaka. Ndiyo maana upo.

Muwa ulinikauka mdomoni. Nilikuwa nimeketi upande ule ule, nikaona baba anakuja kusimama na mgongo wake kwa kukhu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilitambua nimefanya nini. Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningesema nini? Simamisheni mchezo, mimi ni mwizi? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kama urefu wa kile kiti.

Mpira ulitoka kwenye gongo la mjomba kwa sauti kavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Ulipita chini chini kati ya daktari wa mifugo na mwalimu wa hesabu, ukaja upande wetu. Baba aligeuka akaufuata mbio, na mbio za baba ni za kutisha, mtu mnene anayekimbia bila kuhema. Mpira ukaingia kwenye nyasi ndefu, ukachoka, ukabingirika kivivu, ukasimama chini ya kiti cha buluu, katikati ya ndala za kukhu. Na baba akasimama. Si kupunguza mwendo. Alikatika kama trekta lililofungiwa mafuta, vumbi likampita mbele. Aligeuza uso kando. Kukhu alikuwa ameamshwa na vishindo, akaona miguu ya mkwe wake mbele yake, akaivuta leso akajifunika, akageukia miwa. Kati yao kulikuwa na nafasi ya mtu kulala, na mpira mwekundu unaonekana kabisa.

Timu nzima ya Kitale ilikuwa inampigia baba kelele auchukue. Angeinama tu. Angenyoosha mkono, akafumba macho, nani angemlaumu, si ni mchezo? Mjomba na mwenzake walikuwa wamemaliza mkimbio wa kwanza, wakamaliza wa pili, wakageuka kwa wa tatu, na huo wa tatu ulikuwa ushindi. Baba alibaki amesimama na mikono ubavuni, anatazama ardhi, anawaacha waondoke na mechi yake. Masikio yake niliyaona tena. Halafu mjomba, akiwa katikati ya mkeka, aliinua macho aone mpira uko wapi. Akaona. Akasimama na yeye. Mwenzake, mwalimu kijana, alikuwa ameshafika ng'ambo na anamwomba akimbie, mwalimu kimbia, bado hatua chache, na mjomba amesimama pale gongo linaburuta chini, anamtazama shemeji yake ambaye hajamtazama tangu mazishi.

Mtu mmoja tu pale angeweza kuingia kati ya wale wawili bila kuvunja kitu, na ni mjukuu. Niliinuka. Nilipita mbele ya baba, nikapiga magoti, nikauchukua mpira chini ya kiti, na kukhu akasema ndani ya leso yake, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona lakini kukhu hajui kunong'ona, hivyo ikafika hadi madarasani: "Simiyu, hebu nielimishe. Asubuhi niliketi nje ya mchezo. Sijainuka. Ni nani ameniingiza ndani?"

Mwamuzi alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kupima mashamba, mtu ambaye maisha yake yote alilishwa na magomvi ya mipaka. Alikuja anatembea polepole. Hakuhitaji ujuzi wowote, maskini, kwa sababu chokaa ilikuwa imeacha madoa meupe kwenye nyasi pale magunzi yalipokuwa asubuhi, mstari mzima unang'aa mbele ya kiti, na magunzi yenyewe yako nyuma ya kiti, na kiatu changu cha kulia kilikuwa cheupe hadi kwenye kamba. Alikitazama kiatu. Watu wote wakakitazama kiatu. Nilisema ni mimi. Nilisema baba hakujua, Bwana Hasmukh hakujua, nilitaka tu wasipate nne, na hapo nikaanza kulia na mpira mkononi.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Si kiboko, kiboko nilikizoea. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimempa mjomba Barasa silaha mpya. Zamani mkwe alifuata chakula. Sasa mkwe amekuja na mwanawe kuhamisha mpaka kwa watu. Angeisema hiyo mara moja tu na Desemba ingekuwa imekwisha, na mama angebaki na mgongo wake unaouma hadi uzeeni. Vijana wa kwenye ukuta walikuwa wanamtazama mjomba, wanangoja aanze ndipo wacheke. Baba ndiye aliyesema kwanza. Alimwambia mwamuzi, bado ameinamisha uso kwa ajili ya kukhu, "Ni nne. Wameshinda. Na mtoto ni wangu."

Mjomba akaja. Aliacha gongo kwenye mkeka, akatembea njia yote hiyo kwenye jua, na mimi nikarudi nyuma hadi nikagusa magoti ya kukhu, naye akanishika shati. Mjomba alisimama mbele ya baba.

"Shemeji," alisema. Kisha ikawa kama amesahau lililofuata. "Ile siku ya mazishi. Matope yalikuwa mengi kweli?"

"Mpaka hapa," baba akasema, akaonyesha goti.

"Niliiona hiyo suruali. Niliiona, na bado nikasema."

"Ulikuwa umefiwa."

Mjomba alitikisa kichwa. "Hata wewe ulikuwa umefiwa," alisema.

Hapo hakuna aliyejua atazame wapi. Walipeana mikono, na hawakuachiana haraka, wakabaki wanatikisana kama watu wanaopima uzito wa gunia. Kukhu, ambaye hakutakiwa kuona lakini leso yake ina matundu, akaniambia niwaambie hao wawili kwamba wakimaliza, Barasa aje amwondoe kwenye mchezo wa watu, jua linamchoma. Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na safari hii hawakuwa wakimcheka baba. Mimi nilipewa adhabu na mwamuzi: kurudisha kila gunzi kwenye doa lake, moja moja, huku watoto wa Bungoma wakinifuata nyuma na kunielekeza kwa furaha kubwa, kidogo kushoto, kidogo kulia, hapo umemdhulumu jirani. Nilifanya hivyo nikicheka na kamasi puani. Mwili wote ulikuwa mwepesi, kama siku ile unapotoka kliniki na kuambiwa hudungwi. Baadaye tulikula kwa mjomba, wanaume sebuleni, kukhu jikoni kwake, na baba alikula hadi shemeji yake akamtania kwamba sasa ndiyo amefuata chakula. Baba akaomba paja lingine.

Hayo yamepita, na mimi sasa niko sekondari, shule ya bweni, ambako mpira wa kriketi wameusikia kwenye kamusi tu na utani wangu umeshaniletea barua mbili za kwenda nyumbani. Timu ya Bwana Hasmukh bado ipo, ingawa nusu yao hukimbia kwa mdomo. Ule uwanja wameujenga madarasa upande wa miwa. Pale kiti kilipokuwa nafikiri ni gredi ya nne. Binamu zangu wakubwa walioolewa na kuoa Nairobi huwakumbatia wakwe zao na kupiga nao picha, wanaziweka kwenye simu, na wakisikia kwamba baba na kukhu bado wanatumiana salamu kwa mtu wa tatu huku wakisikiana, huniambia ni mambo ya kizamani. Labda. Mimi pia nikioa sitaki kuingia kwenye mahindi kila nikimwona mama mkwe, nguo zangu ni chache. Ila nawauliza swali moja tu: kwa ule umbali wao wa siku hizi, ambao haupo, mtu akitaka kuonyesha kwamba hakukudharau atasimama wapi? Wananiambia nimeanza kuzeeka. Baba na mjomba hupigiana simu kila Jumapili, na mazungumzo yao ni bei ya mbolea na nani amenenepa. Si ya maana yoyote. Ndiyo raha yake.

Lakini jioni ile tulirudi Kitale jua likiwa linazama, na lori likatuacha barabarani. Baba akabaki nyuma akiagana na wenzake. Mimi nilitangulia nyumbani na kiatu changu cheupe, nikamkuta mama amepiga magoti uani anakusanya mahindi kwa kipande cha bati kabla ya umande. Aliendelea kukusanya, lakini bati lilikuwa linachota patupu. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, magunzi, kukhu, masikio ya baba, mjomba kusimama katikati ya mkeka, kwamba Bungoma wameshinda na kwamba mjomba amemwambia baba Desemba waje mapema ili walale. Nilinyoosha sikio langu kabisa ili lishikwe vizuri. Mama aliliweka bati chini. Alikaa juu ya mahindi yake, kitu ambacho mtoto akikifanya hupigwa, akajifuta mikono kwenye leso, akasema: "Kumbe mmeshindwa na watu wetu. Asante. Haya, nenda umwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari, na wewe ubaki naye huko kwanza, nataka nilie kidogo."